Injini ya ndege ya kujiundia inasumbua? Anza na dalili kabla hujashika spana

Wakuu, naandika hii kwa yule aliyekaa miaka miwili mitatu anaunga ndege yake kipande kwa kipande, mabawa tayari, magurudumu tayari, injini imeshafungwa puani, alafu siku ya kuiwasha inagoma, au inawaka na kufanya vituko. Malalamiko ninayoyasikia ni yaleyale yanajirudia, kwahiyo nimeyapanga kwa dalili, na kwenye kila dalili nimeanza na sababu inayotokea mara nyingi nikashuka mpaka ile ya nadra.

Kitu kimoja nataka ukishike kabla hatujaanza. Injini iliyotoka kiwandani, au kwa fundi aliyeifumua na kuiunga upya, mara nyingi inakuja ikiwa nzima. Kinachosumbua ni kile tulichoiongezea sisi: mpira wa mafuta tuliokata wenyewe, waya tuliobana wenyewe, vibati vya hewa tulivyopinda wenyewe, tenki tuliloliziba wenyewe. Mtu anakimbilia kufungua kabureta wakati tundu la hewa la tenki limezibwa na tepu iliyobaki siku ya kupiga rangi. Kwahiyo anza nje, ndani uje mwisho. Na badilisha kitu kimoja, jaribu, andika, ndio uguse kingine, maana ukibadilisha vitatu kwa mpigo na injini ikapona hutajua kilichoiponya ni kipi, na tatizo likirudi unaweza kuwa uko angani.

Namba nitakazotoa ni za Rotax 912 ULS ya kabureta (nguvu za farasi 100) na za Lycoming O-320 na O-360, kwasababu ndizo zinazofungwa sana kwenye ndege hizi. Kama yako ni nyingine, au kitabu cha mtengenezaji kinasema tofauti na mimi, fuata kitabu.

Kwanza propela

Hii sio ya kuruka. Magneto (kifaa kinachoizalishia injini umeme wa cheche) inazimwa kwa waya mwembamba unaoipeleka kwenye hasi kupitia swichi. Waya huo ukikatika au ukichomoka, swichi itasoma imezimwa lakini magneto iko hai kabisa, na ukiisukuma propela kwa mkono injini inaweza kushika. Ni kinyume na gari, ambapo waya ukikatika injini inazima. Rotax haina magneto ya aina hiyo ila mifumo yake miwili ya kuchomea nayo inazimwa kwa kupelekwa hasi, kwahiyo hatari ni ileile.

Jaribio lake ni rahisi. Injini ikiwa sailensa (inazunguka polepole bila kuongezwa mafuta), peleka swichi kwenye kuzima kwa muda mfupi sana, lazima usikie injini inataka kufa. Isipofanya hivyo, izime kwa kukata mafuta, weka kibao cha onyo kwenye propela, na hakuna mtu kuigusa mpaka ule waya urekebishwe.

Kila unapowasha: mkia umefungwa kwenye kitu kisichong'oka, magurudumu yamewekewa vizuizi, kuna mtu ameshika kizima moto, na kwenye kiti yupo mtu muda wote. Tena kwenye Rotax jua kwamba spring za kabureta zinavuta kuelekea kufungua, yaani waya wa mkono wa mafuta (ule wa kuongeza na kupunguza nguvu) ukichomoka injini haishuki, inapanda mpaka mwisho. Mkono wa kwenye kiti ukae karibu na swichi.

Selfu inazunguka kwa uchovu, au inalia "tak" basi

Betri ndio ya kwanza. Pima volti bila mzigo, alafu pima huku msaidizi anapiga selfu. Ikishuka chini ya volti 9 au 10 ichaji kwanza au weka nyingine ndio uendelee kutafuta.

Ya pili, na hii ndio inasahauliwa kuliko zote, ni waya wa hasi kutoka injini kwenda kwenye bodi au kwenye betri. Injini imekaa juu ya mipira ya maunti, na mpira haupitishi umeme, na fremu yenyewe imepigwa rangi. Selfu inavuta zaidi ya ampia 100 na umeme huo lazima urudi kwenye betri, usipoupa njia utajitafutia, utapita kwenye waya wa mkono wa mafuta, kwenye waya wa choki, popote penye chuma. Sisi yalitukuta hayahaya: selfu nzito, tukadhani betri, tukabadilisha betri, mara ya tatu tunapiga selfu tukaona moshi unatoka kwenye gamba la waya wa mkono wa mafuta. Plastiki ya ndani ilikuwa imeyeyuka na waya umeganda. Hebu fikiria ingeganda hewani.

Kupima ni hivi: multimita ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, piga selfu. Ikisoma zaidi ya kama nusu volti, njia ya kurudi ni mbovu. Weka waya mnene uliosukwa kutoka kwenye bolti ya injini moja kwa moja, kwangua rangi pale unapokaa, alafu kagua kila waya wa udhibiti ambao huenda umeshapitisha umeme. Ulioungua unatupwa, hakuna kuutengeneza.

Baada ya hapo angalia waya mwembamba kupita kiasi (hasa kama betri umeiweka mkiani), vichwa vya nyaya vilivyobanwa vibaya, kisha solenoidi, kisha selfu yenyewe.

Simama hapohapo kama propela inafika mahali inakwama kama imegonga ukuta. Huenda kuna silinda imejaa oili au mafuta, na ukilazimisha unapinda fimbo ya pistoni. Toa plagi za chini, oili au mafuta hayo yatoke yote, na ujue yametoka wapi kabla ya kupiga selfu tena.

Inazunguka vizuri ila haiwaki

Usidharau haya: koki ya mafuta imefunguliwa? Tenki ulilochagua lina mafuta? Swichi zote mbili ziko juu? Mara nyingi jibu liko hapa.

Kwenye Rotax, choki inafanya kazi mkono wa mafuta ukiwa umerudishwa kabisa. Ukiufungua hata kidogo choki inakosa mvuto, injini haipati mafuta ya kuwakia, na mtu anakaa anapiga selfu mpaka betri inakufa. Hakikisha pia waya za choki zinavuta kabureta zote mbili mpaka mwisho, maana mara nyingi moja inafika na nyingine inaishia nusu. Na kumbuka umeme wa kuchomea hautoki mpaka injini ifike karibu mizunguko 220 kwa dakika, kwahiyo selfu nzito inaweza kujifanya tatizo la cheche. Rudi kwenye dalili iliyopita kabla hujanunua moduli mpya.

Kwenye Lycoming sikiliza mlio wa "tak" kwenye magneto yenye kapilingi ya spring unapozungusha, ndiyo inayochelewesha cheche wakati wa kuwasha. Usipoisikia, kapilingi imekwama au huna, na injini inaweza kurudisha propela nyuma kwa nguvu.

Toa plagi uzitazame. Zimelowa mafuta? Umezidisha. Rudisha choki, ziache zikauke, jaribu tena. Zimekauka kabisa? Mafuta hayafiki, nenda kwenye sehemu ya mafuta hapo chini. Kama hali ya mafuta ni nzuri na cheche hakuna, mtuhumiwa wa kwanza ni ule waya wa kuzimia: uzi mmoja wa shildi (nyuzi za chuma zinazouzunguka waya kwa nje) unagusa waya wa kati pale ulipobanwa na magneto inakaa imezimwa muda wote. Ukiuchomoa kujaribu, magneto inabaki hai, kwahiyo watu wote mbali na propela. Taimingi ya magneto inakuja mwisho, na kama hujawahi kuiweka mtafute anayejua.

Imewaka, presha ya oili haipandi

Hapa hakuna kusubiri kuona kitakachotokea. Rotax presha iwe imeshaanza kupanda ndani ya sekunde 10, Lycoming ndani ya sekunde 30. Isipopanda, zima.

Kwenye injini mpya iliyofungwa sasa hivi sababu kubwa ni hewa. Rotax oili yake inakaa kwenye tenki la pembeni, inapita kwenye mpira, kwenye rejeta ya oili, ndio inafika kwenye pampu, na mpira wote huo umeufunga ukiwa mtupu. Kuna utaratibu wa kutoa hewa: plagi moja ya kila silinda inatolewa, injini inazungushwa mpaka presha ionekane kwenye geji, ndio unaiwasha. Kuna watu wanaruka hatua hii kwasababu "si itavuta yenyewe", alafu tapeti zinabaki na hewa, zinapiga kelele na zinaharibu valvu. Usiizungushe propela kinyumenyume pia, maana inarudisha hewa kwenye tapeti.

Ya pili ni mipira ya tenki kubadilishana, wa kwenda umekaa pa kurudi. Ya tatu ni kona kali ya mpira iliyojikunja ndani, au mpira laini unaofyonzwa ukajibana oili ikiwa ya baridi na nzito. Ya nne ni sensa au waya wake. Hii ya nne usianze nayo kwa matumaini, yaani mtu anajiambia "ni sensa tu" na anaendelea kuendesha. Funga geji ya kawaida ya mpira ithibitishe, injini ikiwa imezimwa mpaka uwe na uhakika.

Kwa Rotax presha ya kawaida juu ya mizunguko 3500 ni bar 2 mpaka 5, chini ya hapo isishuke bar 0.8. Kwa Lycoming nyingi ni psi 55 mpaka 95, na kwenye sailensa isishuke 25. Iliyokuwa nzuri ikaanza kushuka safari kwa safari, hiyo ita fundi.

Sailensa mbovu, ndege nzima inatetemeka

Kwenye Rotax: kabureta hazijalingana. Karibu kila mara ni hii. Kabureta mbili, kila moja inalisha silinda mbili, na moja ikifunguka mapema upande mmoja unavuta na mwingine unaburuzwa. Mtetemo huo unakula giaboksi, unapasua mabano, na unachafua mafuta kwenye bakuli la kabureta. Linganisha kwanza kwa macho, yaani waya zote mbili zinaanza kuvuta pamoja na zinagota pamoja, alafu funga geji mbili za mvuto ulinganishe kwenye sailensa na tena juu kidogo ya sailensa. Isikae chini ya mizunguko 1400, giaboksi inagongana meno.

Kisha kagua soketi za mpira zinazoshika kabureta. Zikipasuka hewa inaingia pembeni na upande huo unakosa mafuta. Lycoming nayo ina ugonjwa huohuo kwenye mabomba ya kuingiza hewa. Dalili ya hewa ya wizi ni hii: sailensa mbovu na silinda moja joto la ekzosi liko juu, lakini ukifungua mafuta mpaka mwisho inatulia, kwasababu kwenye nguvu kamili mvuto wa ndani unakaribiana na hewa ya nje na tundu halina cha kufyonza.

Kama mtetemo unaongezeka na mizunguko badala ya kupungua, toka kwenye injini uende kwenye propela. Weka kigingi chini karibu na ncha, swichi zimezimwa, plagi moja ya kila silinda imetolewa, zungusha taratibu uone kama kila ncha inapita palepale. Propela ya chuma tofauti isizidi kama milimita 1.6, ya mbao kama milimita 3. Linganisha pia pembe ya kila panga la propela, propela zinazorekebishwa ndege ikiwa chini ndio hukosewa sana. Ya mbao inasinyaa, kwahiyo bolti zake kagua kwa toki renchi baada ya safari ya kwanza na tena baada ya masaa kama 10. Mipira ya maunti nayo inakaa vizuri baada ya muda, bolti zake zikaguliwe kwenye masaa 25.

Inamisi, au inashuka sana ukijaribu magneto

Lycoming nyingi inaruhusiwa kushuka mizunguko 175, na tofauti kati ya kushoto na kulia isizidi 50. Rotax unajaribu kwenye 4000, isishuke zaidi ya 300, na tofauti isizidi kama 115. Ukikuta haishuki kabisa usifurahi, magneto hiyo haizimiki, rudi kwenye sehemu ya propela.

Plagi chafu ndio ya kwanza. Kwenye Lycoming inayotumia mafuta yenye madini ya risasi, plagi za chini zinashika vidonge vya risasi. Panda mpaka 1800 au 2000, punguza mchanganyiko (yaani kiasi cha mafuta kwa hewa inayoingia) mpaka inakaribia kulegea, ishikilie dakika moja hivi, jaribu tena. Ikisafika vizuri. Isiposafika zitoe, na ukiwa nazo mkononi pima ukinzani, plagi ya ndege ikizidi omu 5000 ibadilishe hata kama inaonekana nzuri.

Ya pili ni waya za plagi na vifuniko vyake. Ili kujua ni silinda ipi, iwashe ikiwa ya baridi kwa magneto mbaya peke yake kwa dakika moja tu, zima, pita na kipimajoto cha mbali kwenye mabomba ya ekzosi, lililo baridi ndilo lenye shida. Ya tatu magneto yenyewe, na hapo mpeleke kwa anayezifungua kila siku.

Inapoteza nguvu ikipanda, au inakata baada ya dakika chache

Hapa nakaa kidogo kwasababu ndipo watu wanapofia. Chini inakwenda vizuri, kwenye kupanda inalegea. Sababu za mwanzo zote ni mfumo wa mafuta tulioujenga wenyewe.

Tundu la hewa la tenki ndio la kwanza. Likiziba, mafuta yakitoka hakuna hewa ya kujaza nafasi yake, tenki linafyonza, mtiririko unapungua. Fungua kifuniko baada ya kuzima, ukisikia hewa inaingia "fsss" umepata jibu. Ya pili ni filta. Tenki jipya lina vumbi la faiba, vipande vya silanti, unyoya wa kitambaa ulichofutia. Safisha filta baada ya kila uwasho wa mwanzo mpaka itoke safi, na usitumie tepu nyeupe ya mabomba kwenye maungio ya mafuta, vipande vyake vinaishia kwenye jeti. Ya tatu ni mpira uliosukumwa kwa nguvu kwenye nipeli ukajichana ndani, ngozi ndogo inaning'inia kama mlango, inafungua na kufunga inavyotaka. Hiyo hutaiona kwa nje, itabidi ukate.

Kabla ndege haijaruka kabisa fanya kipimo cha mtiririko. Kanuni inayotumika ni kwamba mfumo wa pampu utoe asilimia 125 ya mafuta ambayo injini inakula kwenye nguvu kamili, na mfumo wa kushuka kwa uzito wenyewe utoe asilimia 150. 912 ULS inakula kama lita 27 kwa saa wakati wa kuruka. Kwahiyo kwa pampu unahitaji kama lita 34 kwa saa, sawa na kidogo zaidi ya nusu lita kwa dakika (0.56). Kwa kushuka wenyewe lita 40.5 kwa saa, kama 0.68 kwa dakika. Inua pua mpaka pembe ya kupanda na zaidi kidogo, tenki likiwa na mafuta machache, chomoa mpira pale unapoingia kwenye kabureta, kinga kwenye chombo chenye alama, dakika moja kwa saa ya mkononi. Fanya nje penye hewa, hakuna umeme unaowaka karibu, kizima moto mkononi. Ndege ikiwa imekaa sawa chini kipimo hiki hakikwambii kitu, pua lazima iwe juu.

Presha ya mafuta kwa kabureta za Rotax iwe bar 0.15 mpaka 0.4. Ikishuka injini inakosa, ikipanda sana inaisukuma nidili (sindano inayofunga mafuta kuingia) na kabureta inafuriki. Na kabureta ikifuriki wakati presha ni nzuri, toa maboya uyapime uzito, mawili ya kabureta moja yasizidi gramu 7 kwa pamoja. Yanayonyonya mafuta yanazama, na upande huo unatoa moshi mweusi na kutetemeka.

Kama tatizo linakuja injini ikiwa ya moto, mfano umetua, umezima robo saa, umewasha na kuruka tena, fikiria mafuta yamegeuka mvuke ndani ya mpira. Petroli ya gari inafanya hivi kirahisi kuliko mafuta ya ndege. Ivalishe mipira ya mafuta soksi ya kuzuia moto, ipitishe mbali na ekzosi, weka njia ndogo ya kurudisha mafuta tenkini ili yasikae yakachemka, na pampu ya umeme iwe chini karibu na tenki isukume, isiwe juu ikivuta, maana kuvuta ndiko kunazalisha mvuke.

Alafu kuna barafu ya kabureta. Inatokea hata hewa ikiwa nyuzi 20 kama ina unyevu, hasa ukiwa umepunguza nguvu kujiandaa kutua. Kwa propela isiyobadilika mizunguko inashuka polepole. Ukivuta mkono wa kuingiza hewa ya moto kwenye kabureta inashuka zaidi, inakohoa kidogo, alafu inapanda. Kule kukohoa ni maji ya barafu yanapita, usiogope ukaifunga hewa ya moto hapo katikati.

Kupungua nguvu yoyote hewani ambako hukupata sababu yake chini, ndege hairuki tena. Kuwaka vizuri siku inayofuata sio ushahidi kwamba imepona.

Inachemsha

Kwenye zinazopozwa na hewa, vibati ndio kila kitu. Hewa inatakiwa iingie juu ya silinda ishuke katikati ya mapezi itokee chini, na kila nafasi uliyoiacha ni njia ya mkato. Usiku weka taa chini ya injini, boneti limefungwa, chungulia kwa mbele kwenye matundu ya kuingilia: kila mwanga unaouona ni hewa inayopotea. Mpira wa ukingoni uwe umejikunja kuelekea mbele ili presha iubane, ukikunjika nyuma unafunguka. Tundu la kutokea nalo liwe kubwa kuliko la kuingilia. Baada ya hapo angalia mchanganyiko mwembamba, kisha taimingi, nyingi za Lycoming ni digrii 25 kabla pistoni haijafika juu kabisa ila soma kibao cha injini yako.

Lycoming mwisho wa kichwa cha silinda ni nyuzi 260, lakini kwenye safari mafundi wengi hawapendi ivuke 205. Silinda mpya zina joto zaidi kwa masaa ya mwanzo, kwahiyo ikianza juu alafu ikashuka usipaniki.

Kwenye Rotax anza na hewa iliyonaswa kwenye kulanti (maji ya kupozea), kifuniko cha presha, mpira uliojikunja, alafu njia ya hewa ya rejeta. Oili iwe kati ya 90 na 110, mwisho 130. Ikikaa chini sana ni tatizo pia, maji hayavukizwi, kwahiyo kuziba sehemu ya rejeta kipindi cha baridi sio kosa.

Ukisikia mlio wa kugongagonga huku joto la silinda linapanda kwa kasi, punguza nguvu, ongeza mchanganyiko, tua. Pistoni inaweza kutoboka kwa muda mfupi sana.

Geji zinarukaruka

Ukibonyeza redio joto linaruka, ukiwasha taa presha ya oili inabadilika: ni hasi tena. Sensa inajilinganisha na chuma cha injini, geji inajilinganisha na dashibodi, na kati yao kuna tofauti. Peleka hasi zote sehemu moja. Kama ni silinda moja tu inasoma ajabu, badilishana sensa na jirani yake, tatizo likihama na sensa basi injini haina kosa.

Inakula au inatema oili

Lycoming ukiijaza mpaka lita 7.6 (kwati 8) inaitupa ya juu kwenye bomba la kupumulia mpaka ibaki karibu kwati 6, alafu inatulia. Mtu anaona tumbo la ndege limelowa anadhani sili imeenda. Jaza mpaka inapotulia uone. Bomba hilo litobolewe kitundu juu kidogo ya mwisho, kwasababu mdomo ukiganda kwa barafu presha inarudi ndani na sili ya mbele inatoka.

Silinda mpya zikiendelea kula oili baada ya masaa 25 au 50, jiulize ulizilainisha vipi. Zinataka oili ya madini na nguvu ya asilimia 65 mpaka 75 hewani. Kinachoziua ni kule kuwashawasha chini kila jioni kuonyesha marafiki: ukuta wa silinda unang'aa, ringi hazikai, na dawa yake ni kuivua. Rotax inatoka kiwandani imeshazungushwa, haina haja hiyo.

Hapa unaweka spana chini, unaita fundi wa injini za ndege

Propela ikigusa kitu, hata majani mazito, hata kwenye sailensa: ndani kunakaguliwa kabla ya kuwasha tena. Vipande vya chuma kwenye filta ya oili ukiikata (vumbi laini masaa ya mwanzo ni kawaida, vipande vinavyoshikika kwa kucha hapana). Kompresheni kwa kipimo cha psi 80 ikiwa chini ya 60 na unasikia hewa inatokea kwenye ekzosi. Ufa popote kwenye bloku, kwenye fremu ya injini, kwenye ekzosi karibu na mipira ya mafuta. Injini iliyozidi mizunguko yake, kwa 912 ni 5800, nayo kwa dakika 5 tu. Harufu ya mafuta ndani ya chumba cha rubani ambayo hujaona inatoka wapi.

Ukimwita, mwachie kila kitu kama kilivyo. Filta uliyoikata iweke kwenye mfuko safi, plagi zipange kwa mpangilio zilivyotoka silinda kwa silinda, na mpe daftari lako la namba: mizunguko, presha, joto, tarehe, na ulibadilisha nini siku gani.